Kaka ananiita duarani Sekenke, nami niko mwaka wa tatu wa uhandisi wa migodi

Shikamoo mama.

Mimi ni kijana wa miaka 23, nasoma uhandisi wa migodi hapa Chuo Kikuu cha Dodoma, mwaka wa tatu. Kwetu ni Bahi. Baba ni mkulima na mfugaji. Nilipochaguliwa chuo mkopo wa Bodi ulikuja nusu, kwa hiyo baba aliuza ng'ombe kulipia kilichobaki, na zizi la sasa si lile nililoliacha. Jambo hilo linanikaa moyoni kila siku.

Shida yangu inatokana na kaka yangu mkubwa. Aliacha shule kidato cha pili akaenda machimboni. Alianzia Chunya, akahamia Geita, sasa yuko Iramba, maeneo ya Sekenke, ana duara lake ndani ya leseni ya mzee mmoja (duara ni shimo la kuchimbia dhahabu). Miaka ya mwanzo alikuwa akipiga simu nyumbani kuomba nauli ya kurudi. Lakini tangu mwaka jana wamekamata mwamba wenye dhahabu. Amejenga, amenunua pikipiki, na mwezi uliopita mgao mmoja tu alipata milioni nne. Akanipigia simu akasema: "Wewe unachora mashimo kwenye karatasi, mimi niko ndani ya shimo. Njoo tufanye kazi." Anataka niache chuo nikamsimamie, kwa sababu wasimamizi anaowaweka wanamwibia mawe. Niende kiangazi hiki, maji yakiwa yamepungua duarani, naye atanipa robo ya fungu lake.

Ningekuwa bado na moyo wa masomo ningemkatalia palepale. Lakini mama, nimekata tamaa. Waliomaliza kabla yetu tunawaona hapa Ng'ong'ona. Mmoja anaendesha bodaboda, mwingine ana kibanda cha chipsi, na walikuwa na GPA nzuri kuliko yangu. Mwaka jana niliomba nafasi ya PT, yaani mafunzo ya vitendo, kwenye migodi mikubwa, hakuna hata mmoja ulionijibu. Nikapata kampuni moja ya kokoto, wakaniweka getini niandike namba za malori yanayotoka. Mlipuko niliusikia tu kwa mbali. Na muhula huu nimepata sapu (mtihani wa kurudia) ya mekanika ya miamba, somo ambalo ndiyo kazi yenyewe.

Mama yetu hataki kusikia habari za duara, maana duara la jirani ya kaka kuna mtu alishuka baada ya baruti na hakupanda tena. Baba sijamwambia kitu.

Naomba unisaidie mambo matatu. Shahada hii inampeleka mtu wapi, kama migodi mikubwa haituchukui? Nikiahirisha mwaka mmoja nikatafute mtaji nitapata hasara gani? Na huyu ni ndugu yangu wa damu, ananihitaji. Nitamkatalia vipi asione kwamba nimejifanya msomi?

Mwanao, Dodoma.

*

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mzigo huo.

Jibu langu la kwanza ni fupi: usiache chuo, wala usiahirishe mwaka. La pili ni refu, maana kaka yako ana shida ya kweli, na wewe unaweza kumsaidia kuliko mnavyodhani nyote wawili, ila kwa kazi tofauti na hiyo anayokuitia.

Anakuita ukalinde mawe. Kazi hiyo ataifanya binamu yenu yeyote mwaminifu mwenye tochi na daftari. Fedha nyingi inayompotea kaka yako haiibiwi na msimamizi usiku. Inaondoka mchana kweupe, pale mwaloni wanapooshea dhahabu, kila mtu akiangalia. Mawe yakitoka duarani yanapita kwenye karasha, mashine ya kuponda mawe, yanasagwa, yanaoshwa, halafu zebaki inakamata dhahabu. Zebaki inakamata chembe zilizo huru, zilizojitokeza. Dhahabu laini iliyojificha ndani ya chembe za mwamba inapita na maji na kubaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa. Kwa njia hiyo mchimbaji mara nyingi anaambulia chini ya nusu ya dhahabu iliyokuwa kwenye jiwe lake. Tuseme jiwe la kaka lina gramu 10 kwa tani. Watapata 3 au 4, na hizo ndizo wanazogawana. Zile 6 au 7 zimebaki kwenye mchanga, na machimbo mengi mwenye mwalo ndiye anayebaki na marudio kama sehemu ya malipo ya kusagia, au yanauzwa kwa bei ya kutupa kwa mtu mwenye vati, tangi la kuloweka mchanga. Huyo anayaloweka kwenye sayanidi, anaikamata dhahabu kwa kaboni, anaipeleka kaboni kwenye elusheni, mtambo wa kuitoa dhahabu kwenye kaboni, na anaondoka na sehemu kubwa ya kile ambacho wenye jasho walikiacha. Hakuiba. Amejua kilichomo, na wao hawakujua.

Hapo ndipo unapotakiwa wewe, na unaweza kuanza likizo hii bila kuacha chuo. Mwombe kaka akuruhusu kuchukua sampuli. Rundo la mawe yaliyotoka kwenye karasha mlichanganye kwa sepetu mpaka lifanane lote, mlitandaze kama chapati kubwa, mpige msalaba katikati ligawanyike robo nne. Chukueni robo mbili zinazotazamana, mbili ziacheni. Mlizochukua zichanganyeni tena, mgawe tena, mpaka mbaki na kilo chache mfukoni. Mzigo huohuo ukishaoshwa, fanyeni vivyo hivyo kwa marudio yake. Kila mfuko uandikwe tarehe, duara na kina jiwe lilikotoka, kwa wino usiofutika na maji. Sampuli ya siku moja haitoshi, kwa sababu dhahabu haikai sawasawa ndani ya mwamba. Chukueni kwa mizigo tofauti. Halafu zilete hapa Dodoma, kwenye maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, GST, ambayo iko mjini kwenu hapohapo. Mtu aliyepata milioni nne kwa mgao mmoja gharama ya maabara haitamshinda.

Majibu yakirudi mtakuwa na namba mbili, ya kabla na ya baada. Ukiizidisha ile ya baada, yaani dhahabu iliyobaki kwenye marudio, kwa tani anazosaga kaka kwa mwezi na kwa bei ya gramu, mtajua kwa shilingi anawapa wenzake kiasi gani, na huenda huo ukawa mgao wake wa kwanza kuuona kwa hesabu. Nakwambia, mwanangu, namba hiyo itazungumza na kaka yako kuliko hotuba yoyote utakayompa juu ya umuhimu wa elimu. Na mkizungumzia zebaki, mwulize wanaichomea wapi. Mvuke wake unaharibu mishipa ya fahamu, na machimboni mara nyingi huchomwa kwenye kikaango kilekile cha nyumbani, watoto wakiwa mlangoni. Tanzania imeridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki. Wahandisi wanaojua kuchenjua dhahabu bila hiyo, kwa kiwango cha mchimbaji mdogo, watahitajika sana.

Sasa nizungumze juu ya yule aliyeshuka asipande, maana umemtaja kwa sentensi moja kama habari ya mama yenu, na mimi naiona ndiyo habari kubwa kuliko zote katika barua yako.

Baruti ikilipuka inaacha kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Moshi unaoonekana unaweza kuwa umeshaondoka, mtu akaona duara ni jeupe, akashuka. Akifika chini miguu inalegea. Wa juu wanaona kamba imetulia, mmoja anashuka kumwokoa, naye analala palepale. Ndivyo wanavyokufa wawili watatu mahali ambapo angekufa mmoja, na ambapo kwa kungoja na kupuliza hewa asingekufa yeyote. Mirerani mwaka 2002 walikufa watu karibu 40 kwa kukosa hewa. Januari 2024 huko Bariadi, mkoani Simiyu, kifusi kiliwaua watu 22 mvua zikiwa zinanyesha. Mwaka 2015 Nyangarata, wilayani Kahama, watu walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, na nchi nzima ikashangilia muujiza. Mimi nashangilia na wao, lakini namtaka mhandisi ajiulize kwa nini ardhi iliwafunika.

Kwa hiyo nakuomba kama mzazi: usishuke kwenye duara la kaka yako mpaka pawe na kipulizio cha hewa chenye mpira unaofika mahali watu wanapofanyia kazi, njia ya pili ya kutokea, matimba, yaani nguzo za mbao, yaliyobana mwamba kwelikweli, na sheria inayofuatwa na kila mtu kwamba baada ya baruti hakuna anayeshuka mpaka hewa ipulizwe kwa muda wa kutosha na ipimwe. Kifaa cha kupimia gesi kinashikika mkononi. Kaka anunue hicho kabla ya kufikiria pikipiki ya pili. Akikataa, utakuwa umeshajua kwamba hakuiti kwenye kazi, na jibu lako liwe hapana bila kuona haya. Na yeye mwenyewe mwambie hivyo, kwa sababu unampenda.

Ulisema umeshika sapu ya mekanika ya miamba. Soma sasa somo hilo ukiwa na duara lile akilini. Kwa nini ukuta unapasuka upande mmoja na mwingine unasimama, maji yanafanya nini kwenye nyufa, nguzo ya mwamba iachwe pana kiasi gani kati ya duara na duara. Wachimbaji wazoefu wanayajua mengi ya haya kwa kugonga jiwe na kusikiliza mlio. Wewe unatakiwa uyajue kwa kupima, ili umweleze mwenye duara kabla mlio haujabadilika. Naamini ukilishika hivyo hutalirudia tena.

Kuna neno jingine umeliandika kwa haraka: "duara lake ndani ya leseni ya mzee mmoja." Maana yake duara si lake. Leseni ndogo ya uchimbaji ni ya miaka 7 na huhuishwa. Je, kaka anajua ya huyo mzee inaisha lini? Mzee akiiuza, akifariki, au akiingia ubia na mtu mwenye mtambo, kaka ana karatasi gani mkononi? Na hiyo robo anayokuahidi ni robo ya fungu lililobaki baada ya mwenye leseni, mwenye mwalo, mafuta, baruti na chakula kutoa chao. Mwamba ukikatika, robo ya sifuri unaijua. Wewe mwenyewe umeniambia kwamba kabla ya mwaka jana alikuwa akiomba nauli. Simlaumu hata kidogo. Amevumilia ambacho wengi wangekimbia, na kukamata mwamba kumempa haki ya kujivuna. Ila usiuone mwezi mmoja wa mgao ukasahau miaka aliyokuwa anachimba kwenye mawe matupu.

Swali lako kuhusu shahada ni la haki, nami sitakupamba. Migodi mikubwa ya dhahabu nchini inahesabika kwa vidole: Geita, North Mara, Bulyanhulu, ukiongeza ya kati kama New Luika kule Songwe na huu wa Singida pale Mang'onyi, wilayani Ikungi, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2023. Vyuo vinahitimisha wahandisi wa migodi kila mwaka, na migodi haifunguliwi kila mwaka. Hata inayofunguliwa haidumu. Golden Pride ya Nzega ilianza 1998, leo haipo. Buzwagi ilianza 2009 na uzalishaji ukaisha 2021. Anayesoma uhandisi huu akidhani ataajiriwa na mgodi mmoja mpaka astaafu amedanganywa. Wenzako wa bodaboda na chipsi hawakukosa akili. Walifundishwa kusubiri tangazo la mgodi mkubwa, na hakuna aliyewaonyesha kwingine.

Ndani ya mgodi wenyewe kazi ni nyingi kuliko jina la mhandisi linavyoonyesha. Kuna wanaopanga mgodi kwa programu kama Surpac na Deswik, wanaamua wapi pachimbwe mwaka huu na wapi pasubiri bei. Kuna wa uchorongaji na ulipuaji, wa hewa, wa uimara wa miamba, wa kusimamia zamu ya saa 12. Anayeanza huanzia zamu, na wengi hukosea kuidharau. Nje ya uzio wa mgodi kuna wakandarasi wanaochoronga na kulipua kwa niaba ya mgodi. Hao huajiri vijana zaidi, na wanafunzi hawawaandikii barua kwa sababu majina yao hayajulikani vijiweni.

Halafu angalia mji uliomo. Wizara ya Madini iko Mtumba. Tume ya Madini makao yake makuu ni hapa, pamoja na GST na STAMICO, Shirika la Madini la Taifa. Tume ina maafisa madini wakazi mikoani na wakaguzi wa migodi, watu wanaoshuka kukagua matimba na stoo za baruti. STAMICO imeleta mitambo ya kuchoronga kwa ajili ya wachimbaji wadogo, ili mtu ajue kilichopo chini kabla ya kuuza mbuzi zake. GST wana kazi ya miaka mingi mbele yao: utafiti wa kina wa kijiofizikia kwa ndege ulikuwa umefunika asilimia 16 tu ya nchi, na Serikali imejiwekea lengo la kufika asilimia 50 ifikapo 2030. Nafasi za serikali ni chache, hilo nalijua, lakini mwanafunzi anayeishi mwendo wa daladala kutoka ofisi hizo na hajawahi kuingia hata moja anajinyima mwenyewe.

Kampuni ya kokoto ilikukera, na walikosea kukuweka getini. Hata hivyo, usiitupe sekta nzima. Barabara ya mzunguko ya nje ya Dodoma ina kilomita 112.3, kuna uwanja wa Msalato, kuna majengo ya Mtumba, na vyote hivyo vinakula mawe ya vilima vya Ugogo. Mawe hayo yanachorongwa na kulipuliwa na mtu mwenye cheti cha ulipuaji, karibu na nyumba za watu, ambapo kosa dogo la hesabu linarusha jiwe kwenye paa la darasa. Viwanda vya saruji navyo vina machimbo ya chokaa. Mahandaki ya reli ya SGR upande wa Kilosa yalichimbwa kwa maarifa yaleyale unayosomea. Benki nazo zimeanza kuwakopesha wachimbaji, na hakuna benki inayoweza kukopesha duara bila mtu wa kuwaambia lina nini ndani. Kisha kuna nikeli ya Kabanga, kinywe (grafiti) cha Ulanga na Ruangwa, na dhahabu ya Nyanzaga kule Sengerema. Hayo nayapita haraka kwa sababu miradi huchelewa, na sipendi kumpa kijana matumaini ya tarehe nisizozimiliki.

Lakini ukiniuliza mimi, nafasi iliyo wazi kuliko zote ni ile kaka yako aliyokaa ndani yake bila kuiona. Nchi hii ina wachimbaji wadogo kuanzia Haneti kwenye vito vya krisopresi, Winza ya Mpwapwa kwenye rubi, hadi Sekenke ambako Wajerumani walichimba dhahabu kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Tangu mwaka 2019 kuna masoko ya madini, na mwaka huohuo mchimbaji mdogo aliondolewa kodi ya zuio na VAT ili auze kwa njia halali. Biashara imekua, utaalamu haujaifuata. Mwenye leseni ndogo anatakiwa kisheria awe na mpango wa kutunza mazingira. Anahitaji ramani, sampuli, ubunifu wa duara, hesabu ya baruti, mtu wa kumjazia maombi ya leseni na kumfundisha kijana wa kipulizio. Leo kazi hizo zinafanywa na dalali au hazifanywi kabisa. Vijana watatu wenye shahada, mmoja wa migodi, mmoja wa uchenjuaji, mmoja wa jiolojia, wakisajili kampuni na kuhudumia maduara ya wilaya moja, wataanza na fedha kidogo na heshima kubwa. Ningependa sana kuwaona, na ningependa wawe wa mkoa huu.

Hilo lakini linataka cheti. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, inasajili mhitimu kwanza kama mhandisi mhitimu, halafu kuna programu ya mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu chini ya msimamizi, ndipo anaomba kuwa mhandisi mtaalamu. Aliyeacha mwaka wa tatu hana mlango hapo. Kwa Bodi ya Mikopo deni linabaki deni, umemaliza au hujamaliza. Na kuhusu kuahirisha mwaka "kutafuta mtaji", nimezunguka machimbo ya kutosha kukuambia kwamba duara halina kalenda ya chuo. Mwamba ukitoa, utasema ngoja tumalize huu mkanda. Usipotoa, utaona aibu kurudi mikono mitupu. Njia zote mbili zinakubakiza kulekule, na baba yako ataulizwa na majirani ng'ombe walienda wapi.

Baba umwambie. Wikiendi hii panda gari la Bahi, ukae naye, umweleze simu ya kaka yako na sapu pia. Mzee aliyeuza mifugo kwa ajili yako ana haki ya kuujua ukweli kabla haujamfikia kwa mtu mwingine. Na ukimpata upande wako, yeye ndiye atakayezungumza na kaka yako kama mtoto wake wa kwanza, jambo ambalo wewe mdogo huliwezi bila kuonekana unamfundisha mkubwa wako.

Kwa kaka mwenyewe usianze na hapana. Mwambie: "Kaka, nakuja likizo hii, lakini nakuja na mifuko ya sampuli. Nionyeshe kila kitu, nifundishe unavyosoma mwamba, na mimi nitakuonyesha kilichobaki kwenye marudio. Shahada nikimaliza tutatafuta leseni yetu." Umeomba akufundishe, na utafundishwa kweli, kwa sababu mtu aliyefuata mkanda wa dhahabu kwa mikono yake anajua vitu ambavyo mhadhiri wako hana. Chochote mtakachokubaliana kuhusu malipo yako ya likizo kiandikwe, hata kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, mbele ya baba. Ndugu wengi wameacha kusalimiana kwa ajili ya mgao.

Kwa PT ijayo, barua zako zipelekwe kwa wakandarasi wa uchorongaji, kwa mgodi wa Singida, kwenye ofisi ya afisa madini mkazi, na uzipeleke mkononi unapoweza. Utakakopokelewa wakikuweka getini tena, omba kwa adabu siku moja kila wiki uwe na mlipuaji. Mara nyingi hawakatai, wanangoja kuombwa. Andika kwenye daftari nafasi ya mashimo, kina chake, baruti iliyoingia na mawe yalivyovunjika. Daftari hilo ndilo utakaloliweka mezani siku ya usaili, na aliyewahi kufanya kazi ya mgodi atalitambua kabla hajatazama GPA yako.

Na hizo sampuli za Sekenke usizifanye peke yako. Mwaka wa nne utatakiwa uwe na mradi wa utafiti. Mwendee mhadhiri anayefundisha uchenjuaji, umwambie una duara linalofanya kazi, mwenye duara ni kaka yako, na unataka kupima dhahabu inayopotea kwenye marudio. Wanafunzi wengi huhangaika kupata mahali pa kufanyia mradi, wewe unapo. Mwone kabla chuo hakijafungwa, kwa sababu wasimamizi wazuri huwahiwa mapema, na umwombe akuelekeze idadi ya sampuli kabla hujapanda basi la Singida.